Dar–Nairobi kwa ndege: ekonomi ya kawaida, ekonomi yenye kadi ya dhahabu, au bizinesi?

Kutoka Dar es Salaam hadi Nairobi ni kama kilomita 670 kwa njia ya anga. Jeti huimaliza kwa saa moja na dakika ishirini hivi, wahudumu wakiwa ndiyo kwanza wanakusanya vikombe. Hata hivyo, kwenye njia hii fupi abiria wamegawanyika makundi matatu. Wapo wanaotaka kiti cha ekonomi kwa nauli ya chini kabisa. Wapo wanaokaa ekonomi hiyohiyo lakini wana kadi ya dhahabu ya mpango wa wasafiri wa mara kwa mara. Na wapo wanaolipia viti vya mbele, daraja la biashara. Wanaopanda na kushuka njia hii kikazi huuliza swali lilelile: kadi ina maana gani kwenye safari inayokwisha kabla hujapata usingizi? Na kama ina maana, je, ni ya kuihangaikia, au ni ya kuitumia tu ikitokea unayo?

Mimi nasema hivi: kwenye safari fupi, karibu kila kitu unachopewa na kadi hutokea ukiwa bado umekanyaga sakafu. Angani hamna tofauti ya kutajwa. Anayelinganisha kwa kutazama kiti atakosea hesabu. Tazama uwanja wa ndege, tazama begi lako, halafu tazama siku ambayo ndege haikuruka.

Mfano wangu ni Kenya Airways, au KQ kwa herufi zake za tiketi, kwa sababu kati ya mashirika makubwa yanayounganisha miji hii miwili ndilo lililo ndani ya muungano wa kimataifa. Liko SkyTeam tangu 2010. Ndani ya SkyTeam kuna ngazi mbili za hadhi, Elite na Elite Plus, na unaweza kuzipata kupitia mpango wa shirika lolote mwanachama. KQ ina mpango wake, Asante Rewards. Wengi huku kwetu bado wanakusanya kupitia Flying Blue ya Air France na KLM, maana KQ yenyewe ilikuwa humo kabla ya kujitenga. Kadi ya fedha ya Flying Blue ni Elite. Ya dhahabu na ya platinamu ni Elite Plus. Usidanganyike na ufanano wa majina hayo mawili: Elite haikuingizi launji, Elite Plus inakuingiza, wewe na mgeni mmoja. Kwa hiyo hapa ninaposema "kadi", nasema Elite Plus. Ile ya chini yake kwenye njia kama hii inakusogeza mbele kwenye foleni na kukuongezea mzigo kidogo, basi.

Kwa wenye haraka:

| | Ekonomi ya kawaida | Ekonomi + Elite Plus | Bizinesi |
|---|---|---|---|
| Kaunta | foleni ya wote | foleni ya SkyPriority (ya kipaumbele ya SkyTeam) | foleni ya SkyPriority |
| Mzigo | wa tiketi yako | wa tiketi + begi moja, au kilo 20 pale wanapohesabu kwa uzito | mkubwa zaidi, umo ndani ya nauli |
| Launji | kwa kulipia au kwa kadi ya benki | bure, na mgeni mmoja | bure |
| Kiti | kilichopatikana | ekonomi, ila unatangulia kuchagua | mbele, kipana |
| Pointi za hadhi za Flying Blue, kwenda tu | 5 | 5 | 15 |

Jedwali hili ni la kweli, lakini linafanya mistari yote ionekane na uzito sawa. Haina.

Foleni zinazopungua na zisizopungua

Kaunta ndipo kadi inapong'aa kwa macho ya watu. Asubuhi kwenye Jengo la Tatu la uwanja wa Julius Nyerere, lile lililofunguliwa 2019 kwa safari za kimataifa, foleni ya ekonomi ina familia zenye watoto na maboksi, na wafanyabiashara waliofungua mabegi sakafuni wakihamisha nguo kutoka hili kwenda lile ili mizani ikubali. Mwenye kadi anapita pembeni, anamaliza, anaondoka. Bizinesi naye anafanya hivyohivyo, kwenye foleni ileile. Hapo kadi na tiketi ghali wametoka sare.

Lakini sasa fikiria wewe ni mtu wa mkutano wa siku moja. Umechukua pasi ya kupandia kwenye simu tangu jana usiku, una begi la kompyuta na shati la kubadilisha. Kaunta huihitaji kabisa. Faida iliyokuwa kubwa kuliko zote imeyeyuka, na umelingana na aliyenunua tiketi ya bei ya chini kuliko wote ndani ya ndege.

Foleni zilizobaki hazijui kadi. Jomo Kenyatta unashuka garini kabla hujafika jengoni, unapita kwenye mashine huku dereva akikusubiri ng'ambo, uwe nani uwe nani. Kwenye mlango wa jengo la Dar viatu na mkanda vinavuliwa vilevile. Afisa uhamiaji anaangalia pasipoti, haangalii kadi ya maili; Mtanzania anayekwenda Nairobi anahitaji pasipoti hata kama Mkenya, Mganda na Mnyarwanda wao huvukiana mipaka kwa vitambulisho vya taifa. Cheti cha homa ya manjano nacho kikiulizwa hakina toleo la dhahabu. Ukijumlisha dakika zote za kusimama kwenye safari moja, sehemu kubwa iko kwenye foleni hizi ambazo fedha wala uaminifu wako kwa shirika haviwezi kuzifupisha.

Mzigo, ambako hela halisi ipo

Kama unasafiri na bidhaa, unaweza kuruka mengine yote na kusoma hapa tu. Begi moja la ziada kila safari, kwenda na kurudi, ni fedha ambazo ungetoa mfukoni. Mwenye duka Kariakoo anayechukua vitu Eastleigh, Nairobi, au fundi anayebeba vifaa vya kazi, hupata kwenye kadi faida anayoweza kuihesabu kwa shilingi mwezi baada ya mwezi. Launji na foleni ni raha; begi ni faida kwenye daftari.

Kuna masharti mawili. La kwanza, soma tiketi yako. Nauli za chini kabisa siku hizi zinaweza kuja bila begi la kupakia chini hata moja, na si kila shirika hutoa begi "la ziada" mahali ambapo hakuna begi la kwanza. La pili, hakikisha nani anaendesha ndege. Nitarudi huko, kwa sababu ndiyo mtego mkubwa wa njia hii.

Bizinesi ndiyo inayoshinda kwa kilo tupu. Ikiwa unabeba mabegi mazito mara moja tu kwa mwaka, tuseme unahama au unarudi na vitu vya harusi, piga hesabu ya nauli ya ekonomi pamoja na gharama ya mizigo ya ziada, uiweke kando ya nauli ya bizinesi. Mara chache tofauti huwa ndogo kuliko ulivyodhani. Hapo lipa bizinesi bila aibu, na ule chakula chao.

Kuhusu ile lebo ya SkyPriority inayofungwa begini ili litoke la kwanza kwenye mkanda: ni ahadi nzuri, na utekelezaji wake unategemea waliokuwa zamu. Kwenye safari ya saa nane, kusubiri begi dakika thelathini ni kitu kidogo. Kwenye safari ya dakika themanini ni zaidi ya theluthi ya muda uliokaa angani. Kwa hiyo lebo ina thamani zaidi hapa kuliko kwenye safari ndefu, siku wanapoiheshimu. Begi likipotea kabisa, sote tunarudi kuwa sawa. Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Kenya na Tanzania zote zimo, unaweka kikomo kimoja cha fidia kwa abiria wa kila daraja: tangu mwisho wa Desemba 2024 ni SDR 1,519, ile fedha ya hesabu ya IMF. Begi likiharibika una siku 7 za kulalamika kwa maandishi; likichelewa, una siku 21 tangu ulipokabidhiwa. Siku hizo hazirefuki kwa kuwa una kadi.

Launji

Hapa ndipo mambo yanapochekesha. Safari ni saa moja na ushee, lakini umeambiwa ufike saa mbili au tatu kabla. Ukiwa mtu wa kutii, utakaa launji muda mrefu kuliko utakavyokaa kwenye kiti. Nairobi, upande wa 1A, KQ ina launji ya Pride. Kuna chakula, vinywaji, intaneti, soketi za kuchajia na utulivu wa kumalizia ripoti kabla ya ndege ya jioni. Kwa anayerudi Dar baada ya siku ya vikao, ile saa moja na nusu ya kukaa, kula na kujibu barua pepe ina thamani kuliko chochote atakachopewa angani.

Ila kadi ya ndege si mlango pekee. Benki kadhaa hapa kwetu hutoa kadi za Visa za ngazi za juu zinazokuja na haki ya kuingia launji kupitia mitandao kama LoungeKey au Priority Pass, na launji nyingine hupokea mtu yeyote mlangoni kwa malipo. Angalia kwanza kilichomo kwenye pochi yako. Ukikuta benki imeshakupa launji, basi kadi ya ndege imepoteza nusu ya mvuto wake kwenye njia hii, na bizinesi imepoteza zaidi ya hapo.

Mahali ambapo kadi inaipiga bizinesi waziwazi ni kwa watu wawili. Elite Plus huingiza mgeni mmoja anayesafiri naye, hata kama mgeni ana tiketi ya bei ya chini. Mume na mke wakiwa na kadi moja kati yao wanapata launji wote. Wakitaka jambo hilo kwa njia ya bizinesi, wanunue tiketi mbili. Ila ni mgeni mmoja tu: mwenye kadi anayesafiri na mke na watoto watatu atajikuta mlangoni anafanya maamuzi magumu ya kifamilia.

Ndani ya ndege

Sehemu hii itakuwa fupi kwa sababu safari ni fupi.

Ndege unayopangiwa ina maana kuliko kadi. Embraer 190 ya KQ ina viti 96, 12 vya bizinesi na 84 vya ekonomi, na ekonomi imepangwa wawili wawili. Kiti cha katikati hakipo. Kila mtu yuko dirishani au kwenye njia, na haki ya kutangulia kuchagua kiti inabaki kuwa haki ya kukaa mbele ili ushuke mapema. Kwa Boeing 737-800 yenye viti 145, ekonomi ni watatu watatu, na hapo ndipo mwenye kadi anapojiokoa na kiti cha kati kwa kuchagua mapema, au anapata safu ya mlango wa dharura yenye nafasi ya miguu. Wakileta Dreamliner yenye viti 234, mpangilio wa ekonomi ni tatu-tatu-tatu na viti vya bizinesi vinalala kabisa. Siku hiyo mwenye tiketi ya mbele amepata kitanda cha kulalia dakika arobaini.

Bizinesi ya Embraer ni kiti kimoja upande mmoja na viwili upande wa pili, kwa hiyo anayependa kukaa peke yake ana sababu ya kuifurahia. Chakula kinaletwa kwenye sahani ya kweli. Ekonomi unapata kitu chepesi na kinywaji. Mimi sioni sababu ya mtu kulipa kwa fedha zake mwenyewe ili ale kwa sahani ya kauri dakika ishirini, lakini najua watu wanaoona tofauti, na kama ni ofisi inayolipa sina hoja.

Kutangulia kupanda nako kuna masharti yake. Kama ndege imeegeshwa kwenye daraja la kupandia, unapata nafasi ya begi juu ya kichwa chako, na hiyo ni faida ya kweli kwenye Embraer ambayo makabati yake ni madogo. Kama imeegeshwa mbali na mnapelekwa kwa basi, wewe uliyetangulia kuingia utasukumwa mpaka mwisho wa basi na kushuka wa mwisho. Ukiona mabasi, kaa chini, subiri.

Mtego: nani anaendesha ndege?

Precision Air ina historia ndefu na Kenya Airways. KQ inamiliki asilimia 41.23 ya hisa zake, na mashirika hayo mawili kwa miaka mingi yameuza viti vya ndege za mwenzake kwa namba za safari za pamoja. Lakini Precision haimo SkyTeam, na ndege zake ni ATR za pangaboi zenye daraja moja tu. Unaweza kununua tiketi yenye namba inayoanza na KQ, ukafika uwanjani na kadi yako, ukakuta unapanda ATR ambayo haina foleni yako, haina launji yako, haina begi lako la ziada, na kabati la juu halipokei hata begi la magurudumu. Faida za hadhi zinafuata shirika linaloendesha ndege, si herufi zilizo kwenye tiketi. Kabla hujalipa, tafuta maneno "inaendeshwa na".

Air Tanzania nayo haimo kwenye muungano wowote kati ya ile mitatu mikubwa. Airbus A220 yake ina viti 132, 12 vikiwa vya bizinesi, na ni ndege mpya na tulivu ambayo kwa starehe ya kiti haiionei wivu Embraer. Kadi yako ya SkyTeam humo haina kazi. Hali kadhalika mwenye kadi ya dhahabu ya Star Alliance, muungano mwingine, aliyoipata kwa Ethiopian au Turkish: hakuna anayemtambua kwenye safari ya moja kwa moja ya Dar–Nairobi. Kuzungukia Addis Ababa ili kadi itambulike ni kuruka karibu kilomita 2,900 badala ya 670.

Hapa ndipo penye gharama ya kadi isiyoandikwa popote. Mtu asiye na kadi anafungua simu, anaangalia ndege zote za siku hiyo, anachukua yenye muda na bei nzuri. Mwenye kadi anaanza kukataa ndege nzuri. Anaacha ya saa tatu asubuhi na kuchukua ya alfajiri, au anaongeza dola kadhaa, ili tu asipoteze foleni na launji. Ukijikuta unafanya hivyo kwa safari ya dakika themanini, kadi imeshaanza kukugharimu kuliko inavyokulipa.

Siku mambo yakiharibika

Ukiniuliza kwa nini hata hivyo napenda kusafiri na kadi, sababu ni hii. Ndege ikifutwa na abiria tisini wanatafuta nafasi kwenye ndege inayofuata yenye viti kumi na tano, kuna utaratibu wa nani anapewa kwanza. Hadhi huingia kwenye utaratibu huo. Orodha ya kusubiri haiendi kwa aliyepiga kelele zaidi. Mfumo unaona daraja la tiketi na hadhi. Mwenye bizinesi anatangulia, mwenye kadi anafuata, na aliyenunua tiketi ya promosheni anasubiri. Dawati la SkyPriority la kubadilishia safari ni foleni ya watu sita wakati foleni nyingine inapinda kona.

Lakini tutenganishe aina za balaa. Mwezi Novemba 2022 marubani wa Kenya Airways waligoma na maelfu ya abiria wakakwama. Hakuna kadi inayoleta rubani. Inachoweza kufanya ni kukupigania kiti kwenye shirika jingine mapema kidogo. Tarehe 11 Septemba 2024 wafanyakazi wa uwanja wa Jomo Kenyatta waligoma kupinga mpango wa kuukabidhi uwanja kwa kampuni ya Adani. Siku hiyo tatizo lilikuwa la uwanja wenyewe, na mwenye dhahabu na asiye nayo walitazama mlango uleule. Na Januari 2024 mamlaka ya usafiri wa anga Tanzania ilitangaza kusimamisha safari za abiria za KQ kati ya Nairobi na Tanzania kuanzia tarehe 22, ikijibu Nairobi kwa suala la ndege ya mizigo ya Air Tanzania. Serikali mbili zikazungumza na likaisha kabla ya tarehe kufika. Aliyekuwa na safari wiki ile alihitaji kujua ratiba za mashirika mengine kuliko alivyohitaji namba ya uanachama.

Ulaya ina kanuni, ile EU261, inayomlipa abiria fedha taslimu ndege ikichelewa sana au kufutwa. Inahusu ndege zinazotoka Ulaya, na zile za mashirika ya Ulaya zinazoelekea huko. Dar–Nairobi kwa KQ haimo. Kwa hiyo kwenye njia yetu hadhi inabeba sehemu ya kazi ambayo kwingine sheria ingeibeba, na kama unaunganisha Nairobi kwenda Paris au Guangzhou, hilo lina uzito mkubwa. Mradi safari zote ziwe kwenye tiketi moja. Ukinunua Dar–Nairobi peke yake na Nairobi–Guangzhou peke yake, ukachelewa ya kwanza, shirika la pili linakuhesabu kama mtu asiyefika.

Je, uitafute?

Sasa hesabu. Flying Blue inatoa pointi za hadhi kwa umbali na daraja, haijali sana nauli. Safari iliyo chini ya maili 2,000 inayovuka mpaka ni pointi 5 kwa ekonomi na 15 kwa bizinesi. Kupata kadi ya fedha unahitaji 100 ndani ya miezi kumi na miwili, kisha kutoka fedha kwenda dhahabu 180 nyingine katika kipindi kinachofuata. Dar–Nairobi kwenda na kurudi ekonomi ni pointi 10. Kwa hiyo kutoka sifuri mpaka dhahabu kwa njia hii peke yake ni safari 28 za kwenda na kurudi. Kwa bizinesi ni safari 10. Anayekwenda Nairobi mara mbili au tatu kwa mwezi ataifikia bila kukusudia. Anayekwenda mara moja kwa mwezi ataishia kwenye kadi ya fedha, na hiyo haimpi launji.

Angalia safari ndefu zinavyobadilisha picha. Nairobi–Amsterdam ni pointi 10 kila upande kwa ekonomi; Nairobi–Guangzhou ya moja kwa moja ni 12. Ukianzia Dar, ukaongeza zile 5, safari moja ya Guangzhou kwenda na kurudi ni pointi 34. Safari tatu za kuchukua mzigo China zinakupa kadi ya fedha, na ukiendelea hivyo mwaka unaofuata na safari chache za Nairobi katikati, dhahabu inakaribia. Hadhi inatengenezwa na safari ndefu na kutumiwa kwenye fupi. Kuitafuta kwa safari fupi ni kuchota maji kwa kijiko. Tahadhari moja kwa watu wa Guangzhou: China Southern, ambayo nayo huruka Nairobi, iliondoka SkyTeam mwanzoni mwa 2019. Wapo wanaoamini bado imo.

Kwa hiyo ninavyowapanga watu. Kama unakwenda Nairobi mara chache kwa mwaka na begi moja, chukua ekonomi ya shirika lolote lenye muda unaokufaa, lipia launji siku ukiitaka, usahau mambo ya pointi. Nadhani hilo ndilo kundi kubwa kuliko yote, na ndilo linaloshawishiwa zaidi na matangazo ya kadi. Kama tayari una Elite Plus kwa sababu ya safari zako za Ulaya au China, panda ekonomi ya KQ na usinunue bizinesi kwenye njia hii. Umeshapewa foleni, launji na begi, na kilichobaki cha kununua ni upana wa kiti. Kama ofisi ndiyo inayolipa bizinesi na wewe unakusanya pointi 15 kila upande, kubali, zitakufaa baadaye ukisafiri kwa fedha zako. Mfanyabiashara wa mizigo naye apige hesabu ya mabegi peke yake. Hata kadi ya fedha inaweza kumtosha kwa kilo inazoongeza.

Na bizinesi kwa fedha zako mwenyewe? Nitaitetea kwa watu wachache: mwenye goti au mgongo unaouma, mama mwenye mtoto mchanga na mizigo yake yote, au anayeunganisha Nairobi kwenye safari ya usiku kwa bizinesi, ambaye kipande cha Dar kimeshaingia kwenye nauli ile. Wakati mwingine shirika litakutumia ujumbe siku chache kabla likikuuzia kiti cha mbele kwa nyongeza. Linganisha nyongeza hiyo na begi utakalopata. Kama begi hulihitaji, acha ujumbe upite.

Ukishachagua, hakikisha namba ya uanachama iko kwenye tiketi kabla hujafika uwanjani na jina limeandikwa herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye pasipoti. Angalia pia pasi ya kupandia: maneno "Elite Plus" yanapaswa kuchapwa juu yake. Yasipokuwepo, rudi kaunta wakuongezee hapohapo, kwa sababu mhudumu wa mlango wa launji husoma hiyo pasi.